Pumba Tuliwapa Kuku

Ukitoka Mikumi kwenda Kilosa unapita Ulaya. Si ile ya ndege na viza. Ni kata yetu, ya mahindi, kunde na mbaazi. Nikiwa chuo Dar es Salaam utani ulikuwa uleule kila likizo: "Unakwenda wapi?" "Ulaya." Watu wanacheka.

Baba alipogundulika ana sukari, kliniki walimwambia aache sembe, arudi kwenye dona. Akanuna. Kwake dona ni chakula cha shida. Siku alipoanza kumudu kulipia kukoboa mahindi, aliona ameuaga umaskini. Pumba tuliwapa kuku.

Nikataka kujua ushauri ule ulianzia wapi. Nilivyoufuatilia, ukanifikisha Kampala.

Denis Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland ya Kaskazini, mwaka 1911. Jicho moja alilipoteza akiwa mtoto, na bado akawa daktari wa upasuaji. Alifika Uganda mwaka 1946. Mwaka 1957, hospitali ya Mulago, mwenzake Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto aliyevimba taya. Mwaka uliofuata Burkitt aliandika kuhusu uvimbe ule, ambao sasa tunajua ni saratani ya chembe za kinga ya mwili. Mwaka 1961 yeye na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu hadi Afrika Kusini na kurudi, kama maili 10,000, wakiuliza hospitali kwa hospitali: mmewahi kuuona ugonjwa huu? Majibu yalichora ramani ya nchi zenye joto na mvua, nchi za malaria. Mwaka huohuo Anthony Epstein alimsikia akihutubia London, akaomba vipande vya uvimbe. Mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kirusi walichokiona ndani yake.

Burkitt alirudi Uingereza mwaka 1966, na huko akageukia tumbo. Wodi za kwao zilijaa magonjwa ambayo Mulago aliyaona kwa nadra: kidole tumbo, saratani ya utumbo mpana. Daktari wa jeshi la majini, Peter Cleave, alikuwa akilaumu sukari na unga mweupe. Burkitt akaona kilichopotea ni nyuzinyuzi, yaani zile pumba. Akaanza kupima kinyesi. Makala yake na Alec Walker na Neil Painter ya mwaka 1972 ilionyesha kwamba wanakijiji wa Uganda walitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kilipita kwa siku moja na nusu hivi. Waingereza walitoa kama gramu 100, na kilikaa zaidi ya siku tatu.

Jambo moja linanikera. Burkitt ana jina, na saratani ina jina lake. Wanakijiji wale ni safu tu katika jedwali. Maarifa yalitoka matumboni mwao, yakaenda Ulaya ile nyingine, yakaturudia kama agizo la kliniki.

Ndiyo maana nilifurahi kusoma utafiti wa Moshi uliotoka mwaka 2025. Godfrey Temba, Mtanzania, aliuongoza pamoja na Quirijn de Mast wa Nijmegen, Uholanzi. Walishirikisha wanaume 77. Waliozoea ndizi, maharage na mboga walipewa vyakula vya Kimagharibi kwa wiki mbili. Wengine walibadilishiwa kinyume chake, na wengine wakanywa mbege. Katika muda huo mfupi, kwa waliohamia vyakula vya Kimagharibi, dalili za uvimbe ndani ya damu zilipanda na chembe za kinga zikalegea mbele ya vijidudu. Kwa waliorudi kwenye chakula cha asili na wanywaji wa mbege, dalili hizo zilipungua. Mabadiliko mengine yalionekana bado wiki nne baadaye.

Nilimsomea baba. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo mama yangu alikuwa sahihi?"

Nikamjibu ndiyo. Akanyamaza, akavuta sahani ya dona.

"Kuku," akasema, "watakula nini sasa?"