Nauli ya Reli na Gunia la Mkulima wa Ziwa

Halmashauri ya Chama Kikuu ilipotutaka sisi wa ofisi ya katibu tuandike kurasa chache za historia kwa ajili ya kijitabu hiki cha miaka kumi, wengi walitazamia habari za mizani na vinu vya pamba. Tumechagua reli. Kila mwaka, mahesabu yasomwapo mbele ya mkutano mkuu, husimama mwanachama akauliza swali lile lile: mbona bei ya Dar es Salaam ni nzuri, na fedha iliyofika mkononi mwangu ni haba? Jibu, kwa sehemu kubwa, limo katika safari iliyoko kati ya ghala letu na bahari, ambayo kwa gari la moshi hupita kilomita 1,200.

Wazee wetu hawakuwa na njia hiyo. Reli ya Wajerumani ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, bila kuligusa Ziwa Victoria. Waingereza walikuwa wamekwisha kufikisha yao Kisumu tangu 1901. Basi mazao ya Mwanza yakapakiwa melini hadi Kisumu, yakateremka Mombasa, na faida ya uchukuzi ikabaki upande ule. Tawi la kutoka Tabora lilifika Mwanza 1928, na tangu hapo mzigo wetu ukawa na milango miwili ya kutokea.

Mashindano ya milango hiyo hayakudumu. Mdororo wa biashara ulioanza 1929 uliziacha reli na madeni, na mwaka 1932 Bwana Roger Gibb alitoa taarifa ya uchunguzi wake juu ya nauli na fedha za reli za Kenya, Uganda na Tanganyika. Katika miaka ile ya 1930 serikali ya Tanganyika iliweka sheria ya kuzuia malori yasishindane na reli. Kisha mwaka 1948 reli zote zikaunganishwa kuwa Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Mwenye milango miwili akawa na bwana mmoja.

Hapa hatuna budi kueleza jinsi nauli ilivyopangwa, maana ndiyo kiini cha habari yetu. Reli haikutoza kwa uzito na umbali peke yake, bali pia kwa thamani ya kitu. Nguo, mafuta na baiskeli zilitozwa nauli ya juu. Mahindi yalitozwa nauli ya chini, kwa kuwa gunia la mahindi haliwezi kustahimili nauli kubwa likabaki na faida. Tusidhani ilikuwa huruma kwa mkulima mdogo. Nchini Kenya, tangu mwaka 1922, mahindi ya walowezi yalipewa nauli nafuu ili yauzwe ng'ambo, na wengine ndio waliofidia pengo. Kwa mpango wa namna hiyo, mama aliyenunua kanga dukani Mwanza alikuwa akichangia, bila kujua, nauli ya gunia la mtu asiyemfahamu.

Mpango huo husimama maadamu reli inabeba kanga na gunia pamoja. Lori likiruhusiwa njiani, huchukua kwanza kilicho ghali na chepesi kulipiwa, nalo gunia likaachiwa reli. Reli ikikatazwa kupandisha nauli ya gunia, hupata hasara. Ikiwa na hasara, hainunui behewa jipya wala haibadilishi mataruma yaliyooza. Behewa likikosekana, hata mwenye gunia hukimbilia lori. Nauli nafuu iliyoandikwa kitabuni haimfai mtu asiyepata behewa.

Wanachama wakongwe watakumbuka habari za Muungano wa Vyama vya Ushirika wa Victoria, uliofanyizwa 1955 chini ya uongozi wa Bwana Paul Bomani. Muungano ule ulihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika, na pamba yake ilikuwa shehena ambayo reli haikuweza kuidharau. Katikati ya miaka ya 1960 zikaja meli za Umoja na Uhuru, zenye kubeba mabehewa mazima juu ya ziwa, mzigo usipakuliwe na kupakiwa tena. Kisha mambo yakaja kwa kufuatana. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa. 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na kila nchi ikabaki na reli yake. Vyama vikuu vilirudishwa 1984. Katikati ya hayo kulikuwa na bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, ambayo ilificha nauli kabisa: mkulima wa mbali hakuiona, lakini Shirika la Usagishaji la Taifa liliilipa kwa kukopa.

Mwaka 2001 sheria iliunda SUMATRA kusimamia usafiri na nauli zake. Mwaka 2007 reli ilikodishwa kwa kampuni ya RITES ya India kwa mkataba wa miaka 25, yenye hisa 51 katika 100, Serikali ikibaki na 49. Mtaji uliotarajiwa haukutosha, mafuriko ya mwishoni mwa 2009 yakabomoa njia kati ya Kilosa na Gulwe, na mwaka 2011 Serikali ikairudisha mikononi mwake. Mzigo uliokuwa ukizidi tani milioni 1 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulishuka chini ya tani laki 3 mwaka 2012. Sheria ya 2017 ikaunganisha njia na magari chini ya Shirika la Reli, na tangu 2019 usimamizi wa nauli umo mikononi mwa LATRA.

Wenzetu wa Marekani waliyaonja haya kabla yetu. Wakulima wao wa ngano, waliolia kwamba makampuni ya reli yanawanyonya, walisaidia kuipata sheria ya 1887 iliyounda Tume ya kusimamia nauli. Tume ilizidi kukaza kamba hata kampuni kubwa ya Penn Central ikafilisika 1970. Sheria ya 1980 iliilegeza. Fedha zikarudi relini, na kwa wastani nauli zikashuka. Hata hivyo wakulima wa Montana, wanaotegemea reli moja tu, wameendelea kulalamika. Sisi twawaelewa.

Nasi tuna kosa letu la kukiri. Msimu mmoja tulikodi malori kwa haraka, bila kuandikiana mkataba. Mwenye malori alipoona mawingu yametanda na magunia yetu yamepangwa nje, alidai nyongeza, tukalipa. Fedha hiyo ilitoka katika malipo ya pili ya wanachama, na baadhi yao hawajatusamehe.

Tangu hapo nauli huandikwa katika safu yake peke yake, kila mwanachama aione. Ujenzi wa reli mpya ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, ulianza 2021. Halmashauri imegawanyika: wengine wataka tujenge ghala sasa kando ya reli ya zamani; wengine wasema tungoje tujue reli mpya itatoza nauli gani kwa gunia, na nani atahakikisha kwamba mahindi hayakai nyuma ya makontena. Hoja hiyo ni ya nne katika ajenda ya mkutano mkuu ujao.