Kabla ya Kununua Fleti Iliyokuwa ya Serikali

Mwaka juzi nusura ninunue fleti iliyokuwa ya umma hapa Mombasa. Bei ilikuwa nzuri, muuzaji mpole, hati miliki iko mezani. Wakili wangu akauliza swali moja: nyumba hii ilitokaje mikononi mwa serikali? Muuzaji hakuwa na jibu. Nikarudi nyumbani na akiba yangu.

Basi ndugu msomaji, hilo ndilo la kwanza. Fuatilia umiliki hadi mgao wa mwanzo: barua, idhini na risiti. Kifungu cha 40(6) cha Katiba hakilindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Mwaka 2023, katika kesi ya Dina Management kuhusu kiwanja cha Nyali, Mahakama ya Juu ilisema kuonyesha hati pekee hakutoshi.

La pili, hesabu miaka iliyobaki kwenye mkataba wa kukodi ardhi. Wa miaka 99 ulioanza 1960 unakwisha 2059, na benki huliangalia hilo kabla ya kukukopesha.

La tatu, dai vyeti kwamba kodi ya ardhi ya serikali kuu na reti za kaunti zimelipwa, pamoja na idhini ya mke au mume wa muuzaji.

La nne, sheria ya umiliki wa fleti ya mwaka 2020 inaruhusu kila fleti kuwa na hati yake. Uliza kama ipo, na nani hutengeneza paa na ngazi.

Usitoe amana kabla ya majibu. Mimi bado ni mpangaji, lakini nalala usingizi.