Kitanzi na Rai ya Umma: Kutoka Kilwa hadi Mahakama ya Rufani

Serikali ya Wadachi ilikitumia kitanzi kusini mwa Tanganyika kuvunja upinzani. Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kilwa Kivinje mwaka 1895, na mahali hapo pangali pakiitwa Mwembe Kinyonga. Tarehe 4 Agosti 1905 Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro, Vita vya Majimaji vikiwa vichanga. Vita vikaenea hadi bara ya Lindi, katika nchi ya Wamwera, zilipo leo Nachingwea, Ruangwa na vijiji kama Chiola. Watu waliitwa kushuhudia kitanzi. Rai yao haikutakiwa.

Waingereza waliotawala baada ya Wadachi waliacha Kanuni ya Adhabu, nayo Tanzania huru ikairithi. Anayepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia huhukumiwa kunyongwa, na jaji hana hiari ya kutoa adhabu nyingine.

Rai ya umma iliingia mahakamani katika kesi ya Mbushuu. Juni 1994, mjini Dodoma, Jaji James Mwalusanya aliamua kuwa adhabu hiyo inakiuka Katiba. Januari 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa ni ya kikatili na inadhalilisha, lakini ikaona kuwa ibara ya 30(2) inairuhusu kwa masilahi ya umma, na kwamba jamii ndiyo inayoamua kama inahitajika. Hoja hiyo ina udhaifu, kwani jamii hiyo haikuwa imepigishwa kura. Miaka michache nyuma, Tume ya Jaji Francis Nyalali ilikusanya maoni kuhusu vyama vya siasa; zaidi ya robo tatu ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja, na bado nchi ikaingia vyama vingi mwaka 1992. Basi wingi uliohesabiwa uliwekwa kando, na wingi wa kudhaniwa ukatetea kitanzi.

Hakuna aliyenyongwa tangu 1994, ingawa hukumu zinaendelea kutolewa. Mwaka 2017 Rais John Magufuli alisema hadharani kuwa hatatia saini hati ya kumnyonga mtu. Novemba 2019, katika kesi ya Ally Rajabu, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha iliamua kuwa kumfunga jaji mikono namna hiyo kunakiuka haki ya kuishi. Hadi hukumu hiyo inatolewa, wananchi wa Tanzania Bara hawakuwa wamewahi kuitwa kwenye kura ya maoni kuhusu adhabu ya kifo.