Kinywe cha Ruangwa na Makao ya Elektroni



Katika mazungumzo haya twataka kusimulia jinsi watu walivyopata kujua mambo yaliyomo ndani ya kitu kidogo mno kisichoonekana kwa macho, nacho ni atomu. Lakini hatutaanzia Ulaya. Tutaanzia nyumbani, katika nchi ya Ruangwa na Nachingwea, kwa sababu ushahidi wa habari hii umelala ndani ya udongo wetu wenyewe.

Mtu akipita katika Wilaya ya Ruangwa, pande za Matambarale na Chilalo, ataona mahali pengine mawe yenye weusi wa kung'aa. Ukilishika jiwe la namna hiyo vidole huwa vyeusi, nalo huteleza kana kwamba limepakwa mafuta. Ukilipitisha juu ya karatasi laacha mstari. Madini hayo ndiyo yaitwayo kinywe. Siku moja mwanafunzi wetu mmoja alileta jiwe la kinywe darasani, akauliza: "Mwalimu, kama hii ni risasi, mbona ni nyepesi? Na kama si risasi, kwa nini kalamu yake twaiita kalamu ya risasi?" Swali hilo lilitupeleka mbali. Tena katika kulitafutia jibu tuliona ya kuwa jambo jingine, tulilokuwa tukilichora ubaoni kwa miaka mingi, halikuwa sawa. Basi na tueleze yote mawili.

Katika karne ya 16 watu wa Borrowdale, kaskazini ya Uingereza, waliona ardhini mwao kinywe kingi kilicho safi. Wachungaji walikitumia kutia alama kondoo wao, kisha watu wakakipasua vijiti na kukiandikia. Kwa kuwa kilikuwa cheusi chenye kung'aa, wakadhani ni namna ya risasi. Mwaka 1779 Carl Scheele, mtaalamu wa Sweden, alionyesha ya kuwa hakina risasi hata chembe, bali ni namna ya kaboni, yaani jamaa ya makaa. Mwaka 1789 Abraham Werner, Mjerumani, akakipa jina jipya kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kuandika. Lakini jina la kwanza lilikuwa limekwisha ingia katika vinywa vya watu. Waingereza na Wajerumani hata leo huitaja risasi katika jina la kalamu hiyo, nasi tukapokea jina pamoja na kosa lake. Ndani ya kalamu ya risasi hamna risasi. Mna kinywe kilichochanganywa na udongo wa mfinyanzi, kwa ufundi ulioanzishwa na Mfaransa Conté mwaka 1795.

Hayo yalikuwa ya kushangaza, lakini yaliyofuata yalishangaza zaidi. Mwaka 1797 Mwingereza Smithson Tennant aliichoma almasi mpaka ikaisha. Hewa iliyotoka ilikuwa ile ile itokayo katika makaa, na kwa kadiri ile ile. Kwa hiyo almasi nayo ni kaboni tupu! Fikirini jambo hilo. Almasi ya Mwadui, kule Shinyanga, ambako John Williamson alianza kuchimba mwaka 1940, na kinywe cha Ruangwa, ni vitu vya asili moja. Lakini almasi hukata kioo, na kinywe hukwanguliwa kwa ukucha. Almasi hupitisha nuru, na kinywe ni cheusi. Almasi huuzuia umeme, na kinywe huupitisha. Ikiwa atomu ni zile zile, tofauti imetoka wapi?

Jibu halikuweza kupatikana mpaka watu walipojua atomu imeundwaje. Mwalimu John Dalton wa Manchester, mwanzoni mwa karne ya 19, alifundisha ya kuwa kila kitu kimefanywa kwa atomu, naye alizidhani kuwa hazigawanyiki. Mwaka 1897 J. J. Thomson wa Cambridge alionyesha ya kuwa ndani ya atomu zimo chembe ndogo zaidi zenye umeme hasi, nazo ndizo elektroni. Mwaka 1911 Ernest Rutherford, mtu wa New Zealand aliyefanya kazi Manchester, akaonyesha ya kuwa karibu uzito wote wa atomu umekusanyika katika kiini kidogo sana katikati yake. Sehemu iliyosalia ni ya elektroni.

Hapo wakaanza kuuliza: elektroni zakaaje? Mwaka 1913 Niels Bohr, Mdenmark kijana, akasema kwamba zazunguka kiini katika njia maalumu, kama sayari zizungukavyo jua. Hesabu zake zilipatana vema na nuru itokayo katika haidrojeni, atomu yenye elektroni moja. Picha ile ilipendeza watu, ikaingia vitabuni, ikafika na kwetu. Ndiyo picha tuliyokuwa tukiichora: kiini katikati, duara hapa, duara pale, na nukta juu ya duara. Wanafunzi waliinakili, wakapata maksi zao, na sisi tukaridhika.

Kumbe tayari katika miaka ya 1920 wataalamu wenyewe walikuwa wameiacha. Ilishindwa hata kwa heli, atomu yenye elektroni mbili tu. Tena haikuweza kueleza kwa nini kaboni moja iwe ngumu na nyingine iwe laini. Mwaka 1924 Mfaransa Louis de Broglie akasema kwamba elektroni ina tabia ya mawimbi. Mwaka 1926 Erwin Schrödinger, mtu wa Austria, akaandika hesabu ya mawimbi hayo, na mwaka ule ule Max Born, Mjerumani, akaeleza maana yake: hesabu haituambii elektroni yapita njia gani, yatuambia tu ni mahali gani yaelekea zaidi kuonekana.

Na tutoe mfano. Chukua mbuzi mmoja asiyefungwa kamba. Kila siku alfajiri nenda ukaweke kokoto mahali ulipomkuta. Baada ya mwaka mzima utaona kokoto zimerundikana karibu na zizi na chini ya mkorosho, na mahali pengine hamna hata moja. Rundo lile halikuonyeshi njia ya mbuzi, bali lakuonyesha makao yake. Mfano huu una upungufu, maana mbuzi ana njia yake hata usipomwona, na kwa elektroni hatuwezi kusema hivyo. Lakini umbo la kokoto ndilo tunalotaka. Makao ya namna hiyo Mmarekani Robert Mulliken aliyaita obitali mwaka 1932, akiligeuza kidogo lile neno la njia ya sayari, ili watu wajue kwamba si njia tena.

Obitali zina maumbo yake. Nyingine ni mviringo kama chungwa. Nyingine zina matumbo mawili, moja upande huu wa kiini na jingine upande wa pili, kama vibuyu viwili vilivyogusanishwa shingo. Hizi za vibuyu huwa tatu pamoja: moja yaelekea mashariki na magharibi, moja kaskazini na kusini, na moja juu na chini.

Sasa elektroni zagawanaje makao hayo? Waliopata kukaa katika bweni la shule wataelewa upesi. Chumba cha kwanza, kilicho karibu na kiini, kina kitanda kimoja tu cha mviringo. Chumba cha pili kina vitanda vinne: kimoja cha mviringo na vitatu vya vibuyu. Amri ya kwanza: vitanda vya chini hujaa kwanza. Amri ya pili, iliyoelezwa na Wolfgang Pauli mwaka 1925: kitanda kimoja hakichukui zaidi ya wawili, na hao wawili hawana budi kulala mzungu wa nne, mmoja kichwa huku na mwenziwe kichwa kule. Amri ya tatu, ya Mjerumani Friedrich Hund: vitanda vikiwa sawasawa, kila mmoja huchukua chake kwanza kabla ya kubanana na mwenziwe. Na wanafunzi gani wasiofanya hivyo?

Kaboni ina elektroni 6. Mbili hulala katika chumba cha kwanza. Mbili huchukua kitanda cha mviringo katika chumba cha pili. Mbili zilizobaki huchukua vitanda viwili vya vibuyu, kila moja peke yake, na kitanda cha tatu ni kitupu. Lakini kaboni ikikutana na kaboni nyingine, vitanda hivyo hupangwa upya. Jambo hili lilielezwa na Linus Pauling wa Marekani mwaka 1931, naye ndiye aliyetupa jibu la swali letu.

Katika almasi, obitali ya mviringo na zile tatu za vibuyu huchanganyika zote, zikawa nne zilizo sawa, zikielekea pembe nne mbali mbali, na kila moja ina elektroni moja. Kila atomu hushikana na jirani zake wanne, mpaka jiwe zima likawa mtego mmoja usiolegea. William Bragg na mwanawe Lawrence waliuona mpango huo kwa mionzi ya eksirei mwaka 1913. Hakuna elektroni iliyobaki huru, ndiyo sababu umeme haupiti.

Katika kinywe huchanganyika tatu tu. Kila atomu hushika jirani watatu katika tambarare moja, wakafanya pembe sita sita kama sega la nyuki. Mwingereza J. D. Bernal alichunguza mpango huo mwaka 1924. Ile obitali ya nne husimama wima, nusu juu ya tambarare na nusu chini yake, nayo hugusana na za jirani zake ubavu kwa ubavu. Kwa hiyo elektroni ya nne haina bwana mmoja; ni mali ya karatasi nzima ya atomu, nayo hupita huku na huku. Hiyo ndiyo ichukuayo umeme. Na karatasi hizo zimelazwa moja juu ya nyingine bila kushikana kwa nguvu: kutoka karatasi hata karatasi ni zaidi ya mara mbili ya nafasi iliyo kati ya atomu na jirani yake. Kwa hiyo huteleza na kubanduka kwa urahisi. Mtoto aandikapo jina lake kwa penseli, abandua karatasi hizo maelfu na kuzilaza juu ya daftari.

Msitusadiki bure, jaribuni. Chukueni penseli laini, ichongeni ncha mbili, na iungeni kwa nyaya pamoja na betri za tochi na balbu ndogo. Balbu itawaka, ijapokuwa kwa unyonge. Wekeni kijiti cha mti mkavu badala ya penseli, itazimika. Hiyo ndiyo kazi ya elektroni ya nne.

Labda mtu atasema: "Haya yatufaa nini sisi wakulima wa korosho na ufuta?" Tutamjibu kwa habari ya Nachingwea. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walikusudia kulima zaidi ya ekari 3,000,000. Mitambo ikaletwa, misitu ikaangushwa, reli ikajengwa. Lakini udongo na mvua havikupimwa vya kutosha kabla ya kuanza. Kule Kongwa ardhi yenye mfinyanzi ikakauka ikawa ngumu kama tofali. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, baada ya kupotea pauni kiasi cha milioni 36, na reli ya Nachingwea nayo ilifungwa mwaka 1962. Mradi ule haukukosa mali wala nguvu. Ulikosa kujua kilichomo ndani ya kitu kabla ya kukiamulia.

Leo kinywe cha Ruangwa chatafutwa na mataifa, kwa kuwa betri za simu na za magari ya umeme huhitaji kinywe kingi. Betri inapochajiwa, chembe za lithiamu huingia na kukaa katikati ya zile karatasi zilizolegea. Inapotumika, hutoka tena. Kwa hiyo mahali palipo dhaifu katika kinywe ndipo palipo thamani yake. Mwenye shamba ajuaye hayo, ajapo mtu kuzungumza naye juu ya jiwe lililo chini ya mikorosho yake, atajua la kuuliza. Asiyejua ataambiwa ni risasi, naye ataitikia.

Nasi walimu tuna wajibu wetu. Zile duara tumezifuta ubaoni. Siku hizi tukizichora, twawaambia wanafunzi wazi kwamba hiyo ni ngazi iliyowapandisha watu mwaka 1913, wala si nyumba yenyewe. Jina la kalamu ya risasi hatuwezi kulifuta, maana limekwisha ota mizizi. Lakini twaweza kumwambia kila mtoto kwamba ndani yake hamna risasi, na kumwonyesha kilima ambako kitu chenyewe kimetoka.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Hapo ndipo tunapokomea.