Waliobaki Nyumbani: Wake wa Wapagazi na Askari katika Unyiha

Lugha yetu imewahifadhi watu waliokwenda vitani. Mpagazi wa vita vya 1914–1918 aliitwa tengatenga. Jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi limebaki Dar es Salaam katika neno Kariakoo. Na askari wa King's African Rifles aliitwa keya. Lakini mwanamke aliyebaki na watoto hakupewa jina. Si mjane, maana hana habari ya kifo. Wala hali yake si ya mwenye mume, maana hana wa kumsaidia. Yafaa tulitazame jambo hili katika nchi ya Unyiha, iliyo na Iyula, karibu na mpaka wa Tunduma.

Nchi hii ilikuwa njia ya majeshi. Mwezi Mei 1916 askari wa Jenerali Northey walivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mapema Novemba 1918 von Lettow-Vorbeck alifika Fife, ng'ambo ya mpaka huo, kabla ya kuweka silaha Abercorn tarehe 25. Pande zote mbili zilitwaa wapagazi, na chakula pia.

Basi mzigo wa nyumbani ulikuwa wa namna mbili. Kukata miti na kuchoma shamba la ulezi ilikuwa kazi ya wanaume, nayo haina budi kwisha kabla ya mvua za Novemba. Mwanaume asipokuwapo, mke hulima shamba la zamani lililochoka, mavuno hupungua, na kidogo kilichomo ghalani hutakiwa na majeshi. Kisha mwishoni mwa 1918 ikaja homa kali ya mafua, ikawakuta watu wamekwisha dhoofika.

Lililo zito zaidi ni kungoja. Wapagazi wa upande wa Waingereza waliohesabiwa kufa walipata kiasi cha 95,000, wengi kwa kuhara, malaria na homa ya mapafu. Majina ya wengi hayakuandikwa sawasawa. Huko Kenya mishahara mingi ya marehemu haikulipwa, kwa kuwa jamaa zao hawakutambulikana. Pasipo habari hapana matanga. Na pasipo matanga, ndugu wa mume hawawezi kuamua ni nani atakayemtunza mjane na watoto.

Katika vita vya 1939–1945 mambo yalibadilika kidogo. Askari aliyepelekwa Burma mwaka 1944 aliweza kuagiza sehemu ya mshahara wake ipewe jamaa zake kwa njia ya Boma, na barua zilipita. Mke asiyejua kusoma alihitaji mtu wa kumsomea, na mara nyingi siri za nyumba zilipita kinywani mwa mwalimu. Hata hivyo fedha haikati miti, wala barua haimwonyi mtoto mkaidi.

Kwa hiyo mwalimu akusanyaye habari za kijiji chake, asiulize tu, "Nani alikwenda?" Na aulize pia, "Nani alilima mwaka ule, na watoto walikula nini?" Wenyewe wamekwisha fariki, lakini wajukuu waliolelewa nao wangalipo, nao wayajua majibu.