Ng'ombe wa Udongo

Kiangazi cha Ugogo huanza mvua zinapokatika, kwenye mwezi wa Mei, na hudumu hadi Novemba au Desemba. Kwetu sisi watoto wachunga mbuzi wa Kongwa, miaka ya 1950 ilipokuwa ikimalizika, hicho ndicho kilikuwa kipindi cha raha. Mashamba yalikuwa yamekwisha kuvunwa, mbuzi hawakuwa na mtama wa mtu wa kuharibu, na mchungaji alipata nafasi ya kucheza. Tuliangusha mabuyu kwa mawe, tukalenga ndege kwa manati, tukateremka mbio kwenye tuta la reli ambalo wazee walituambia lilijengwa kwa ajili ya karanga.

Mchezo nilioupenda kuliko yote ulikuwa kufinyanga ng'ombe. Si kila udongo ulifaa. Wa kichanga ulimomonyoka mkononi. Ule mwekundu wenye mfinyanzi ulishikana vizuri. Tuliulowesha kwa maji ya kibuyu, tukafinyanga fahali, majike na ndama, kisha tukawaanika juani. Baada ya siku mbili walikuwa wagumu kama jiwe. Kila mtoto alikuwa na zizi lake, na mahari tulilipana.

Udongo huo huo ndio uliowashinda Waingereza. Baada ya Vita Kuu ya Pili nchi yao ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 walituma wataalamu Afrika Mashariki, wakazunguka kwa wiki 9, tena kwa sehemu kubwa kwa ndege. Wakapendekeza kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Yaliletwa matrekta, mengine yakiwa yameundwa kutokana na vifaru vya vita. Mibuyu ikayasumbua, mvua zikawa haba, na kiangazi kikakamilisha. Karanga hukomaa chini ya ardhi, na ardhi ile ilipokauka iliwafungia mazao yao kama saruji. Mpango ukavunjwa mwaka 1951, baada ya kuteketeza pauni zipatazo milioni 36.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hiyo mgeni alikuja na majibu yake mkononi.

Ningeweza kuishia hapo, kama nilivyoishia darasani kwa miaka mingi: wakoloni walikosea, fungueni ukurasa unaofuata. Lakini, msomaji wangu, kuna jambo ambalo sikuliandika ubaoni.

Mwaka 1971 ilifanyika Operesheni Dodoma, ya kuwahamishia watu wa mkoa wetu katika vijiji vya ujamaa. Nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka chuoni, nikapewa daftari la kuandikisha kaya. Niliamini, na bado naamini, kwamba shule, zahanati na maji ya bomba vilihitaji watu wakae pamoja. Lakini tulipofika mahali palipochaguliwa kwa mashamba ya kijiji kimoja, niliutambua udongo ule kabla sijashuka kwenye gari. Ulikuwa udongo wa ng'ombe wetu.

Mzee mmoja aliinama, akachota kidogo, akakifikicha, akaniangalia. "Mwalimu," akasema, "wewe si mtoto wa hapa?" Nilimwelewa vizuri sana. Nikatazama daftari langu, nikamwuliza ana watoto wangapi.

Sijui kama neno langu lingebadili chochote. Ninachojua ni kwamba sikulisema. Waingereza hawakuujua udongo ule. Mimi niliujua tangu nikiwa na miaka saba, kwa vidole vyangu, nami nikanyamaza kwa kuwa maarifa ya machungani hayakuwa na nafasi katika daftari.

Baadaye nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Kila mwaka niliwaagiza walimu wanafunzi waliokwenda mazoezini vijijini wapitishe alasiri moja machungani na watoto, wawaulize majina ya udongo, ya miti na ya majani, na wayaandike. Wengi walidhani ni mzaha wa mzee. Waliniletea daftari zimejaa. Hakuna aliyeniuliza kwa nini nilitaka kazi hiyo, nami sikuwaeleza. Sasa nimeeleza.