Miaka ya Flashi

Katika kazi yangu ya steshenari nimeona mambo matatu yakiingia mjini kwa mpangilio ambao hakuna aliyeupanga. Watu wa Dar es Salaam walijifunza kwanza kusafisha kompyuta. Baadaye wakajifunza kufunga simu. Kutunza nakala ya kazi zao ndilo somo lililochelewa, na kwa wengi halijafika mpaka leo. Naamini mpangilio huo una sababu zake, na sababu zenyewe zimo katika historia ya vifaa: vilivyoingia, waliovimiliki, na mahali mtu alipoumia kwanza.

Kompyuta zilichelewa kwetu. Ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha katikati ya miaka ya 1960, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuziingiza nchini. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa, lakini athari yake ilidumu. Mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistani, waliandika kirusi cha Brain, nacho kikazunguka nchi za watu ndani ya disketi. Mtu wa kawaida wa Temeke au Magomeni hakuwa na kompyuta ya kukipokea. Sisi tuliingia kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1990, kupitia intaneti kafe, ambako mashine haikuwa yako: ulilipia muda, ukasoma barua pepe, ukaondoka. Usafi na usalama wake vilikuwa juu ya mwenye kafe.

Wenye kafe walikuwa na dawa kali. Wengi waliweka programu ya Deep Freeze, ambayo kila mashine inapowashwa upya huirudisha kama ilivyokuwa siku ilipofungwa. Kirusi kilichoingia asubuhi kilipotea jioni. Kilipotea pia chochote kilichoachwa pale juu ya skrini. Programu ilifanya kazi yake sawasawa; tatizo ni kwamba kafe chache zilibandika tangazo la kumweleza mteja. Nimewahi kumpokea binti aliyechapa barua za maombi ya kazi kutwa nzima kwenye kafe fulani, akaziacha humo ili arudi kesho yake kuzichapisha, akakuta hakuna hata herufi. Tangu mwanzo kabisa, kusafisha na kuhifadhi vilikuwa vikigombana.

Kisha ikaja flashi, na hapo ndipo kazi yangu ilipoanza kwa kweli.

Steshenari zilizozunguka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuanzia Mwenge na Sinza mpaka Ubungo na Changanyikeni, ziliishi kwa flashi. Mwanafunzi alichapa kazi yake maabara ya chuo au kwenye laptopu ya rafiki, akaibeba kwenye flashi shingoni, akaja kwetu kuichapisha. Kompyuta moja ya kaunta ilipokea flashi za watu tangu asubuhi mpaka tunafunga, na wiki ya kukusanya kazi foleni ilifika barabarani. Windows XP ilikuwa na tabia moja mbaya: ukichomeka flashi, inatafuta faili linaloitwa autorun.inf na kutii lililoandikwa humo bila kukuuliza. Waandishi wa virusi hawakuhitaji zaidi ya hapo. Flashi moja ikiingia na ugonjwa, kila iliyofuata ilitoka nao, ikaenda hosteli, ikaenda ofisi ya mhadhiri, ikarudi kwangu.

Kulikuwa na kirusi kilichojificha ndani ya folda lenye jina la Recycler. Kulikuwa na kingine kilichotembea kwa jina la Raila Odinga, kikitoka Kenya na kushuka huku. Kilichotutesa kuliko vyote ni kile kinachoficha mafolda yote ya mteja na kuweka mahali pake vijinjia vya mkato vyenye majina yaleyale. Mteja akibofya, anakiamsha kirusi. “Dada, virusi vimekula tasnifu yangu,” mtu ananiambia, macho yamemtoka. Havikuwa vimekula. Faili lilikuwepo, limefichwa tu, na ukiangalia ukubwa wa nafasi iliyotumika ndani ya flashi unaona kwamba mzigo bado umo.

Hakuna kampuni iliyokuja kutufundisha. Maarifa yalihama kutoka kaunta hadi kaunta. Shikilia kitufe cha Shift wakati unachomeka, ili ile amri ya kujifungua isifanye kazi. Usibofye flashi mara mbili, ifungue kwa kuandika herufi yake pale juu. Tengeneza folda tupu ndani ya flashi, ulipe jina autorun.inf, na kirusi kikija kuandika faili lake kinakuta jina limeshachukuliwa. Mwanafunzi mmoja wa uhandisi aliniandikia kwenye kipande cha karatasi amri ya kufichua mafaili, attrib -s -h F:\*.* /s /d, nami nikaibandika ukutani juu ya skrini. Wenye steshenari za jirani walikuja kuinakili kwa kalamu. Nasema kwa fahari kwamba elimu ya usalama wa kompyuta katika mji huu iliandikwa kwa mkono, na walioieneza walikuwa wachapaji wa kike wa kaunta ambao hakuna ripoti inayowataja.

Novemba 2008 kirusi cha Conficker kikazuka duniani, kikipitia udhaifu ndani ya Windows. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha udhaifu huo mwezi mmoja kabla, Oktoba, lakini kiraka lazima kipakuliwe. Windows nyingi mjini zilikuwa za kunakili, wenyewe wakiogopa kuruhusu masasisho yasije yakaifunga mashine, na intaneti ilipita kwenye setilaiti kwa mwendo wa kuchosha. Mkongo wa SEACOM ulifika pwani yetu Julai 2009. Kabla ya hapo, na hata muda mrefu baada yake, mtu mmoja mwenye intaneti nzuri ofisini alipakua masasisho ya antivairasi, akayaweka kwenye flashi, akayagawa mtaani. Flashi hiyohiyo iliyoleta ugonjwa ndiyo iliyobeba dawa. Februari 2011 Microsoft ilipotoa sasisho la kuzima ile tabia ya kujifungua kwenye XP, mashine nyingi za kaunta hazikulipata.

Antivairasi iliposhindwa, lilibaki neno moja: kupiga window. Fundi anafuta diski, anaweka Windows mpya, mashine inarudi nyepesi. Kilichokuwa kwenye C kimekwenda. Kutokana na maumivu hayo mafundi waliojali wakabuni utaratibu: kabla ya kukurudishia laptopu, diski imegawanywa sehemu mbili, C na D, na unaambiwa, “Kazi zako weka D.” Huo ndio ulikuwa ushauri wa kwanza wa kuhifadhi ambao wateja wengi waliusikia maishani. Ulifaa kwa siku ya kupiga window. Haukufaa chochote siku diski yenyewe ilipokufa au laptopu ilipoibwa kwenye daladala, kwa sababu C na D ni vyumba vya nyumba moja. Bado wapo wateja, watu wazima wenye shahada, wanaoniambia wana nakala, na nikiangalia nakuta iko D.

Somo la kufunga lililetwa na pesa. Zamani za Nokia 1100, simu ikiibwa ulililia simu na majina. Majina yalikaa kwenye laini, nyingi zikibeba yasiyozidi 250, kwa hiyo wazazi wetu waliandika namba kwenye daftari la shule na kuliweka kabatini. Wale wazee walikuwa na nakala kamili, iliyo mahali tofauti na kifaa. Nimeikumbuka hekima yao mara nyingi.

M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na Aprili 2008 Vodacom ikaileta Tanzania. Ghafla laini ikawa na akiba ya mtu. Watu walichagua namba ya siri ya tarakimu nne, wengi mwaka wa kuzaliwa, na wazee wakamtajia wakala kwa sauti huku foleni inasikiliza. Kisha ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii” ukaanza kuingia kwenye simu za watu, ukimtafuta yule aliyekuwa kweli anadaiwa hela siku hiyo. Hapo watu walibadilika haraka. Juni 16, 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu bandia, na nchi nzima ikajifunza kubonyeza *#06# na kutuma namba ya utambulisho ya simu yake (IMEI) kwenda 15090. Mwaka 2019 ukaja usajili wa laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha Taifa, na mwisho wake ukasogezwa hadi Januari 20, 2020. Mama muuza mboga ambaye hajui faili ni nini sasa anafunga simu yake kwa mchoro na kuuficha mkono anapobonyeza namba ya siri. Alifundishwa na hofu ya kupoteza hela yake, na hofu hiyo ni ya haki.

Kupoteza picha hakutishi namna hiyo, mpaka kutokee. Kwa miaka kadhaa kazi yangu kubwa ilikuwa kufufua picha za harusi na za marehemu kwenye memori kadi kwa programu ya Recuva. Ukifuta picha kwenye kadi, kinachoondolewa ni jina lake kwenye orodha. Picha yenyewe hubaki hadi nyingine ije kuandikwa juu yake. Ndiyo maana nilimsihi kila mteja aichomoe kadi mara moja na asipige hata picha moja zaidi. Kwa simu za sasa njia hiyo imefungwa. Simu nyingi zilizokuja na Android 6 kuanzia mwaka 2015 zimesimbwa, na ukiirudisha simu kwenye hali ya kiwandani ufunguo wake unaondoka nayo. Hilo ni jema kwa anayeuza simu yake Aggrey, Kariakoo, na ni msiba kwa asiye na nakala.

Oktoba mwaka huohuo WhatsApp ilianza kuhifadhi mazungumzo kwenye Google Drive. Nikifungua simu za wateja nakuta imewekwa kunakili kwa Wi-Fi pekee. Mpango huo ulidhani kila mtu ana Wi-Fi nyumbani. Mteja wangu ananunua kifurushi cha wiki, na hajawahi kulala kwenye nyumba yenye Wi-Fi. Miaka inapita, simu inasubiri mtandao usiokuja. Siwezi kumwita mtu huyo mzembe. Nafasi ya bure ya Google ni GB 15, na tangu Juni 1, 2021 picha nazo zinahesabiwa humo, kwa hiyo hata mwenye Wi-Fi hujaza na kukwama.

Mpangilio wa kazi unaofaa ni kinyume cha ule tulioupata kwa historia: nakala kwanza, kufunga pili, kusafisha mwisho. Windows 10 ilipoachwa bila masasisho Oktoba 14, 2025, laptopu zilianza kumiminika kaunta, wenyewe wakiniambia, “Dada, nipigie window mpya.” Siigusi kabla mteja hajaleta diski ya nje. Tunanakili mbele yake, kisha namwomba achague mwenyewe mafaili matatu kutoka kwenye nakala hiyo, tuyafungue kwenye mashine nyingine. Tuliponakili kazi za mwalimu mmoja mwezi uliopita, faili la pili lilikataa kufunguka. Diski aliyoleta ilikuwa na hitilafu, tukanunua nyingine, tukaanza upya, na laptopu yake ikakaa siku mbili zaidi.